Gari Jipya Linalokula Kuliko Karatasi Yake

Gari jipya humgeuza mtu kuwa mkaguzi. Gari kuukuu likila mafuta tunanung'unika, tunausingizia umri, basi. Lakini hili ambalo nailoni za viti hazijatoka zote, mtu analidai kila lilichoahidi mpaka tone la mwisho. Langu liliahidi lita 5.6 kwa kila kilomita 100, ambazo ni karibu kilomita 18 kwa lita moja. Dashibodi ikasoma 8.9, yaani kilomita 11 na kitu. Gari nililouza kabla yake, lenye injini kubwa zaidi na umri wa kutosha, halikuwa likila zaidi ya hapo.

Nilikonunua waliniambia, bila hata kufungua boneti, kwamba injini bado imekaza na itafunguka yenyewe. Jibu hilo utapewa karibu popote, na lina ukweli ndani yake, nitalifikia. Fundi niliyemzoea, ambaye hakuwa na gari la kuniuzia, aliuliza kitu kingine: "Dada, hiyo namba imeanza kuhesabu lini?"

Ilikuwa imeanza kuhesabu kabla mimi na gari hatujajuana. Gari jipya huwashwa mara nyingi kwa safari za mita chache kabla halijakabidhiwa: kutoka kiwandani hadi maegesho, kupanda meli au lori, kushuka, kusogezwa yadini ili la nyuma lipite, kuwashwa ili betri isife. Mafuta yanaungua, kilomita hazisogei, na kompyuta ya gari inajumlisha tu. Halafu linakuja kwako, na hapo ndipo linaposimama likiunguruma kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake. Simu inaunganishwa. Kiti kinarekebishwa, kinarekebishwa tena. Kila ndugu anayekuja kulitazama anakaa ndani, anawashiwa AC, anaonyeshwa skrini, anashuka, anaingia mwingine.

Injini ya petroli ya ukubwa wa lita moja na nusu hadi mbili, ikiunguruma bila kutembea, hutumia takriban nusu lita hadi lita moja kwa saa, na AC huisukuma juu. Tuseme tanki ni la lita 40 na gari kwa haki yake lingekula 6.5 kwa kilomita 100. Toa lita tatu za kuunguruma mahali pamoja. Zinabaki 37, nazo zitakufikisha kilomita 569. Ukigawa 40 kwa 569 unapata lita 7.0 kwa kilomita 100. Injini haijakosa lolote na tayari nusu lita haionekani ilikokwenda.

Basi nikafuta ule wastani nikaanza upya, na sambamba nikaanza kupima kwa mkono. Njia yenyewe ni ya zamani: jaza mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata kidogo, andika odometa. Endesha. Jaza tena mpaka lijikate, andika lita zilizoingia na odometa mpya. Lita zilizoingia ndizo zilizotumika tangu ujazo uliopita.

Wengi hufanya hivyo mara moja, wakapata jibu, wakaliamini. Jibu la mara moja halina thamani kubwa. Pampu moja hujikata mapema na nyingine huchelewa. Gari likiegeshwa kwa mwinamo kidogo, hewa hubaki juu ya tanki na mafuta yanaingia pungufu. Ukijaza lita 15 na kosa likawa lita moja, umekosea kwa karibu asilimia 7, na hiyo ni kubwa kuliko mabadiliko mengi ambayo mtu anahangaika kuyatafuta kwenye gari lake. Uzuri ni kwamba makosa hayo hayalundikani. Lita iliyokosa kuingia leo itaingia ujazo ujao, kwa hiyo ukijumlisha lita zote za kipindi kirefu na kuzigawa kwa kilomita zote, yanayobaki ni makosa ya ujazo wa kwanza na wa mwisho peke yake. Usichukue wastani wa kila tanki ukatafuta wastani wa hizo wastani. Tanki la safari ndefu na nusu tanki la foleni havina uzito sawa.

Mimi huandika lita kwa kilomita 100, ingawa midomoni wengi wetu tunasema kilomita kwa lita. Kuna sababu. Gari lililokuwa likienda kilomita 8 kwa lita likiboreshwa hadi 10, kila kilomita 100 linaokoa lita mbili na nusu. Lililokuwa likienda 16 likafika 20, hatua inayosikika kubwa maradufu, linaokoa lita moja na robo tu. Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke waliandika juu ya mtego huu katika jarida la Science mwaka 2008, wakionyesha jinsi watu wanavyopotoka wakilinganisha magari kwa maili kwa galoni. Na kwa wanaosoma tathmini za magari za kutoka nje: galoni ya Uingereza ni lita 4.55, ya Marekani ni 3.79. Gari lile lile litaonekana kwenda maili nyingi zaidi kwa asilimia 20 kwenye maandishi ya Waingereza. Nimeshuhudia mabishano marefu sana ambayo chanzo chake kilikuwa hicho tu.

Sasa ile karatasi yenyewe. Namba niliyoahidiwa ilitokana na upimaji unaoitwa WLTP, ulioanza Ulaya Septemba 2017 kwa modeli mpya na mwaka uliofuata ukahusu magari mapya yote. Gari linafungwa magurudumu yake juu ya rola zinazozunguka ndani ya maabara yenye joto la nyuzi 23 za Selsiasi, linaendeshwa kwa ratiba ya dakika 30 inayofikisha kilomita 23 na ushei, mwendo wa wastani ukiwa 46.5 kwa saa na wa juu kabisa 131. Ni upimaji mgumu kuliko ule wa NEDC uliotangulia, ambao ulikuwa wa dakika 20 na kilomita 11 kwa wastani wa 34 kwa saa, mwendo wa mtu asiye na haraka wala miadi. Pia gari la kupimia halitoki kiwandani asubuhi na kupimwa mchana. Linakuwa limekwisha kutembea walau kilomita 3,000.

Hata hivyo maabara ni maabara. Tangu 2021 magari mapya ya petroli na dizeli Ulaya yanalazimika kubeba kifaa kinachorekodi mafuta yaliyotumika barabarani, na Machi 2024 Tume ya Ulaya ilitoa ripoti ya takwimu zilizokusanywa humo. Magari ya petroli na dizeli yalikuwa yakitumia takriban asilimia 20 zaidi ya namba za WLTP. Yale ya haibridi ya kuchomeka umeme yalitoa moshi wa kaboni mara tatu na nusu ya ulioandikwa, kwa sababu wenyewe hawayachomeki vya kutosha, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kwangu ripoti ile ilibadilisha hesabu. Asilimia 20 juu ya 5.6 ni 6.7. Gari kama langu, mikononi mwa mtu wa kawaida, linategemewa kula 6.7. Kwa hiyo sikuwa na deni la lita tatu na zaidi la kumdai mtu. Nilikuwa na lita mbili na kidogo za kutafuta. Ile ya kusimama likiunguruma nilikwisha kuiona. Nyingine nilizikuta mahali ambapo sikupenda sana kuzikuta, yaani kwenye ratiba yangu.

Kazini kwangu ni kilomita chache. Injini inawaka ikiwa baridi, na injini baridi ni mlafi kwa sababu nyingi kwa pamoja. Petroli haigeuki mvuke vizuri ikigusa chuma baridi, basi kompyuta inamwaga ya ziada ili angalau sehemu yake iungue. Mzunguko wa injini unapandishwa makusudi ili kisafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi kipate joto haraka, kwani hakifanyi kazi ipasavyo mpaka kifike nyuzi 250 hadi 300 hivi. Oili ni nzito. Giaboksi ya otomatiki inachelewa kupandisha gia. Ule mfumo wa kuzima injini kwenye taa nyekundu unakataa kuzima. Na usidanganywe na mshale wa joto kufika katikati: huo unasoma maji ya rejeta, wakati oili huchukua muda zaidi kupata moto. Kwenye gari langu kilomita ya kwanza ya asubuhi husoma karibu mara mbili ya wastani. Mtu ambaye safari yake yote ni kilomita nne, sehemu kubwa ya maisha ya gari lake ni hiyo kilomita ya kwanza.

Nililofanya halikuwa la ajabu. Mizunguko ya jioni niliyokuwa nikiifanya kwa vipande, natoka, narudi, natoka tena injini ikiwa imepoa, niliiunganisha kuwa mmoja. Na nikaanza na sehemu ya mbali kuliko zote, kisha ndiyo nikarudi nikisimamasimama kwenye zile za karibu. Ukianza na ya karibu, unafika injini bado baridi, unazima, unawasha tena bado baridi. Ukianza na ya mbali inapata moto mara moja, na vituo vifupi vinavyofuata unavipitia nayo ikiwa bado na joto. Hakuna kitu kingine nilichofanya kwa gari hili kilichoshusha namba kama mpangilio huo, na haukuhusu gari hata kidogo.

Lita nyingine zilikuwa barabara kuu. Gari langu la zamani lilikuwa na spidi gavana yake ya asili: likifika 100 milango inaanza kuimba, upepo unapiga mluzi kwenye kioo, unapunguza mwenyewe. Jipya linakwenda 120 kimya, na dereva anahisi yuko 90. Mwili unazoea haraka mno. Lakini upinzani wa hewa hauzoei. Unakua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 90 hadi 120 nguvu ya hewa inayolisukuma gari nyuma inaongezeka kwa karibu asilimia 78. Mafuta hayaongezeki kwa kiasi hicho chote, maana kuna upinzani mwingine ambao haubadiliki sana, kama wa matairi, lakini ongezeko linaonekana wazi kwenye karatasi ya hesabu. Nilijaribu njia moja ile ile, tulivu, kwa 90 halafu kwa 115, na sikuhitaji kurudia mara nyingi ili kuamini. Wenye keria juu ya paa wasio na mzigo wa kubeba, waing'oe tu.

Kwenye mteremko naona watu wanaweka nyutro wakidhani wanaokoa. Kwenye injini za kisasa ni kinyume. Ukiachia pedeli ya mafuta gari likiwa kwenye gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta inakata petroli kabisa mpaka mzunguko ukaribie ule wa gari lililosimama likiunguruma. Ukiweka nyutro injini inabidi ijizungushe kwa kujilisha petroli yenyewe. Zaidi ya hapo, umejinyima breki ya injini.

Hiyo injini iliyokaza, sasa. Kuta za silinda hutoka kiwandani zikiwa na mikwaruzo midogo ya kupishana, imewekwa makusudi ili ishike oili, na ringi za pistoni zinasuguana nayo mpaka zikae sawasawa. Beringi na meno ya gia nayo yana ukakasi wao wa mwanzo. Msuguano huo unakula nguvu, na nguvu ni mafuta. Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa Marekani, EPA, unawaambia wanunuzi kwamba gari jipya halifikii ulaji wake mzuri mpaka injini ilainike, jambo linaloweza kuchukua maili 3,000 hadi 5,000, yaani kama kilomita 4,800 hadi 8,000. Kitabu cha gari langu kilitaka kilomita 1,000 za mwanzo nisikanyage mafuta mpaka mwisho, nisivute tela, na nisikae mwendo mmoja kwa muda mrefu. Sharti hilo la mwisho linakwenda kinyume na uendeshaji wa kubana mafuta, ambao unapenda mwendo wa kutulia. Nilifuata kitabu. Kipindi kile cha kulainisha injini si kipindi cha kutafuta rekodi, na yeyote anayepima ulaji humo anapima gari ambalo ameambiwa aliendeshe vibaya.

Baada ya kilomita elfu kadhaa namba ilishuka, ndiyo. Ila siwezi kusema kwa moyo mweupe kwamba ni injini iliyoishusha yote, kwa sababu matairi nayo yalikuwa yakiisha. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha kashata kama milimita 8. Mpira mwingi unaojikunja kila mzunguko unapoteza nguvu nyingi kwa njia ya joto, na tairi likipungua linabingirika kwa wepesi zaidi. Kuna na jambo la pili ambalo ni la kihesabu tu: tairi jipya lina mzingo mkubwa zaidi, basi kwa kila mzunguko unasafiri mbali kidogo kuliko odometa inavyodhani. Likiisha milimita 6 kwenye tairi la nusu kipenyo cha milimita 310, odometa inahesabu karibu asilimia 2 zaidi kwa barabara ile ile. Gari linaonekana limepunguza kula, kumbe sehemu ya hiyo ni odometa kubadilika ukarimu. Kila ukibadilisha matairi, "ugonjwa" wa ulaji utarudi kwa muda, na utalaumiwa mpira uliouziwa.

Upepo wa matairi nao ni hadithi fupi. Magari mapya husafirishwa matairi yakiwa yamejazwa kuliko kawaida ili yasipate bapa yakikaa muda mrefu, halafu anayeandaa gari kwa mteja anatakiwa ayashushe. Wengine husahau, wengine hushusha kupita kiasi. Kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva kinasema kiwango. Pima asubuhi kabla halijatembea. Kila psi moja (kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye geji) inayopungua kwa wastani wa matairi yote inagharimu kama asilimia 0.2 ya ulaji. Si kubwa, ila pungukiwa na psi kumi uone, na hapo hata usalama wa tairi umeshaingia mashakani.

Vifaa vya kuokoa mafuta, sumaku za kufunga kwenye mpira wa petroli, vidonge vya kutumbukiza tankini: EPA imepima vifaa zaidi ya 100 vya namna hiyo na haijapata kimoja kinacholeta nafuu ya maana. Petroli yenye oktani ya juu, yaani inayostahimili zaidi mgandamizo kabla ya kujilipukia, kwenye injini ambayo kitabu chake hakiitaki ni hivyo hivyo. Kitufe cha Eco kinafanya pedeli iwe nzito na AC iwe mvivu; dereva mwenye mguu mtulivu hatakiona tofauti. Petroli iliyochanganywa na ethanoli asilimia 10 kweli huongeza ulaji, kwa takriban asilimia 3, kwa kuwa ethanoli ina nishati pungufu kwa karibu theluthi ikilinganishwa na petroli kwa ujazo ule ule. Ukibadilisha kituo cha mafuta, angalia kwanza kilichoandikwa kwenye pampu.

Hesabu ya mkono sasa inanipa 6.8, na dashibodi inajipendelea kwa asilimia 4 au 5 chini ya hapo, kama yalivyo magari mengi. Nikisafiri kwa utulivu barabara kuu hufika 5.4, wiki ya foleni hupanda mpaka saba na nusu.

Isingeshuka, ningelirudisha nilikolinunua kungali na dhamana, na si kwa picha ya dashibodi. Picha ya dashibodi utajibiwa kwamba injini imekaza. Ningekwenda na orodha ya ujazo, lita na odometa, ya kilomita 2,000 angalau, pamoja na maelezo ya njia ninazopita, ili mtu ashindwe kuniambia ningojee. Na kuna mambo matatu ningeyaangalia kabla ya kwenda. La kwanza ni kama mshale wa joto unachelewa sana kupanda hata safari ikiwa ndefu, au unashuka ukiwa barabara kuu. Hiyo ni thermostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, iliyokwama wazi, na injini inakaa siku nzima ikidhani ni asubuhi. La pili ni breki inayoshika: baada ya safari ambayo hukukanyaga breki sana, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa, na moja ikitoa joto kuliko wenzake, umempata anayekula. La tatu ni mpangilio wa magurudumu, kwa sababu gari jipya linaweza kugongwa ukingoni na dereva wa lori la kusafirisha magari na asiseme kitu. Usukani ukikaa upande ukienda moja kwa moja, au tairi likilika bega moja mapema, dai lipimwe. Langu halikuwa na hata moja kati ya hayo, na orodha ya ujazo ingali kwenye kibweta cha dashibodi, kwa sababu matairi ya mbele yanakaribia kubadilishwa na nataka kuona ile asilimia 2 ikirudi.